Tusingoje Papa Atukumbushe

Kila kusi inapotulia juu ya visiwa hivi, pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu kupita Paje hadi Jambiani, hujaa matanga ya rangi ambayo hayakushonwa na fundi yeyote wa Malindi. Ni matanga ya mchezo. Mtu husimama juu ya ubao, akashika tanga lenye mlingoti mwepesi, au akajifunga kamba za tiara kubwa inayoelea angani, akakata maji kwa kasi ambayo nahodha wa ngalawa huiona katika ndoto tu. Mchezo wa ubao wa tanga ulianzia Marekani katika miaka ya 1960, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, na leo ni sehemu ya riziki ya vijiji vyetu: wako vijana wanaofundisha, wanaokodisha vyombo, wanaopika na wanaoendesha magari. Mwaka 2023 peke yake Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000. Si wote waliofuata upepo, lakini aliyekuja kwa ajili ya upepo hukaa siku nyingi.

Mgeni wa namna hiyo, ubao ukiwa kwapani, akiuliza kama humu baharini mna papa, hujibiwa kwa namna mbili. Mwenye hoteli hucheka akasema hakuna. Mvuvi aliyeketi akishona jarife hucheka vile vile, akasema wapo, na kwamba babu yake alikuwa akiwavua walio warefu kuliko dau. (Jarife lenyewe, kwa asiyelijua, ni wavu wa kuvulia papa na samaki wengine wakubwa, mgeni angelitazama vizuri asingehitaji kuuliza.) Mgeni huondoka akiwa amemwamini yule aliyemwambia analolipenda.

Gazeti hili linaona kwamba swali hilo lastahili jibu la tatu, na kwamba jibu hilo halipaswi kutoka hotelini wala bandarini, bali Serikalini.

Papa wapo. Hatusemi kwamba papa hajapata kumdhuru mtu katika bahari ya Afrika Mashariki. Amepata, na wazee wa pwani wanayo masimulizi yao. Lakini kipimo cha hatari hiyo ni lazima kijulikane kabla mtu hajaanza kupiga kelele. Chuo Kikuu cha Florida, ambacho ndicho huweka daftari la dunia la watu walioumwa na papa, kilihesabu mwaka 2024 matukio 47 ya watu walioshambuliwa pasipo wao kumchokoza mnyama huyo, na wanne kati yao walikufa. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima kwa mwaka mzima. Katika kumbukumbu hizo wapanda mawimbi wenye ubao mtupu ni wengi. Wenye ubao wa tanga ni wachache. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Mwenye tanga, upepo ukiwa mzuri, hupita juu ya maji kwa haraka. Hatari yake huanza anapoanguka, au upepo unapokata ghafla akiwa mbali, akakaa juu ya ubao miguu ikining'inia majini, akingoja. Hapo hana tofauti na mwogeleaji, ila kwamba yuko mbali zaidi na nchi kavu na pengine hakuna anayemtazama.

Maumbile yametupendelea pia. Mbele ya Paje na Jambiani uko mwamba mrefu wa matumbawe ambao huyavunja mawimbi ya bahari kuu, na ndani yake maji ni haba na maangavu. Yakipwa, mtu hutembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi ilipita ngalawa. Unguja haina mto mkubwa kama Rufiji, Wami au Pangani za bara, zinazomimina matope baharini. Jambo hili si dogo, kwa kuwa yule papa ambaye kusini mwa Afrika humwita papa wa Zambezi, na ambaye ni miongoni mwa aina tatu zenye sifa mbaya kupita zote, hupenda maji ya tope na hupanda mito hadi mbali barani. Anayebaki ndani ya mwamba mchana, maji yakiwa safi, ana sababu zaidi ya kuliogopa jiwe la tumbawe na kamba za mashamba ya mwani kuliko kumwogopa papa.

Mambo hubadilika kwenye mlango, pale maji yanapopita kwa nguvu wakati wa bamvua. Hubadilika nje ya mwamba, ambako kina hushuka ghafla. Hubadilika magharibi inapokaribia, na baada ya mvua kubwa, na mahali ambapo matumbo ya samaki hutupwa majini kila siku. Mvuvi yeyote anayajua haya bila kusoma kitabu. Mgeni hayajui, na mwalimu wake wa mchezo, ikiwa naye amekuja na msimu huu, huenda asiyajue pia.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa hatari ni ndogo hivyo, kwa nini gazeti lipoteze wino? Tunaandika kwa sababu kiko kisiwa katika Bahari hii hii ya Hindi ambacho nacho kilidhani kinaijua bahari yake.

Kisiwa hicho ni Réunion, jimbo la Ufaransa lililo mashariki ya Madagascar, lenye watu wasiofikia milioni moja. Kina mawimbi mazuri, hoteli nzuri, na tangu mwaka 2007 kina hifadhi ya bahari katika pwani yake ya magharibi. Tofauti yake na sisi ni kwamba matumbawe huikinga sehemu ndogo tu ya pwani hiyo, na nje ya hapo kina kikubwa kiko karibu mno na ufuko. Tangu mwaka 2011 hadi 2019 papa walishambulia huko mara 24, na watu 11 wakafa. Wengi walikuwa wapanda mawimbi, lakini si wote. Julai 2013 msichana aliyekuwa akioga hatua chache tu kutoka ufukoni aliuawa, na kabla mwezi haujaisha mkuu wa jimbo alipiga marufuku kuoga na michezo ya ubao katika ukanda wa mita 300 kuzunguka kisiwa kizima, isipokuwa ndani ya matumbawe na katika sehemu chache zilizotengwa.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu hasa. Wapanda mawimbi waliilaumu hifadhi kwamba imewafuga papa. Watu wa hifadhi wakasema uvuvi uliopita kiasi umeivuruga bahari. Wengine wakataja maji ya mashamba yanayoteremka na matope kutoka milimani, wengine idadi ya watu walioongezeka baharini. Mji wa Saint-Leu uliipeleka Serikali mahakamani ukitaka ilazimishwe kuchukua hatua, na Agosti 2013 baraza kuu la mahakama za utawala la Ufaransa liliiamuru Serikali iweke mabango ya kuwaonya watu ufukoni. Fikirini, mabango! Nchi yenye manowari na vyuo vikuu ilihitaji amri ya mahakama kuu ili kuweka ubao wa maandishi kando ya bahari. Utafiti wa kuwatia papa alama na kufuatilia nyendo zao nao ulianza baada ya vifo vya mwaka 2011, maana kabla ya hapo haikujulikana vizuri papa hao ni wangapi, hupita wapi na saa ngapi. Baadaye nyavu za kuwakinga waogaji zikawekwa katika fuo mbili kwa gharama kubwa. Agosti 2016, katika moja ya fuo hizo, Boucan Canot, mpanda mawimbi mmoja alishambuliwa ndani ya eneo la wavu. Wavu ulikuwa umetoboka.

Hatuyataji haya kwa kuwacheka wenzetu wa Réunion. Wamelipa gharama kubwa, na leo wanao utaratibu wa walinzi wanaopiga mbizi kutazama chini ya maji wakati wanamichezo wako juu. Tunayataja kwa sababu kila hatua waliyoichukua waliichukua baada ya maziko, huku kila kundi likimtafuta wa kumlaumu.

Wapo watakaosema dawa ni nyepesi: papa na wauawe. Fikira hiyo imejaribiwa. Katika visiwa vya Hawaii, kati ya mwaka 1959 na 1976, Serikali ilitekeleza mipango ya kuwavua papa hadi wakafikia 4,668. Wataalamu walipozitazama hesabu baadaye, hawakuona kwamba idadi ya watu walioshambuliwa ilikuwa imepungua. Katika pwani ya Natal, Afrika Kusini, hofu iliyofuata mashambulio ya msimu wa 1957 na 1958 iliwakimbiza wageni wote, hata manowari ikatumwa kutupa mabomu majini. Mpaka leo nyavu zimetandazwa huko, na pamoja na papa hunasa pomboo na kasa wasio na hatia. Je, Zanzibar, ambayo watu husafiri hadi Kizimkazi kuwaona pomboo, yaweza kuichagua njia hiyo?

Isitoshe, papa wa kumuua yuko wapi? Sisi ni watu tuliolelewa kwa mchuzi wa papa wa nazi. Majahazi ya Arabuni yalileta papa ng'onda hapa kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa, na sokoni bado yuko. Lakini mvuvi atakwambia kwamba anayeletwa sasa ni mdogo, mara nyingi mtoto kabisa. Papa si kama dagaa. Huchukua miaka mingi kupevuka, na wale wa Zambezi hubeba mimba karibu mwaka mzima. Wataalamu walioipima bahari kuu duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba papa na taa wa huko wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, mataifa yalikubaliana kuidhibiti biashara ya kimataifa ya ukoo mzima ambamo wamo papa wa Zambezi. Kwa hiyo afisa atakayependekeza kuwinda papa ili kuwapendeza wageni atakuwa anapendekeza kumaliza kile kidogo ambacho jarife limekisaza.

Serikali nayo yapaswa kujichunga katika kazi zake yenyewe. Huko Recife, nchini Brazil, mashambulio ya papa yaliongezeka ghafla tangu mwaka 1992, na wataalamu wa huko wameyahusisha na ujenzi wa bandari ya Suape, kusini ya mji, uliovuruga mazingira ya milango ya mito. Hatusemi kwamba mradi wa bandari ya Mangapwani utaleta hayo. Mahali hapa na pale si sawa. Tunasema tu kwamba wanaopima kina na mkondo wa maji kwa ajili ya meli waulizwe pia juu ya samaki wakubwa, na kwamba machinjio na masoko ya samaki ya pwani yasigeuze bahari kuwa jaa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi, na ambalo hofu ya papa hulifunika.

Visiwa hivi vinaijua bahari inayoua. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba. Julai 2012, miezi kumi baadaye, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika siku ya upepo mkali. Zipo nyumba Pemba ambazo hazijapona mpaka leo. Hakuna papa aliyehusika. Na mbali na misiba hiyo iliyotikisa nchi, wapo wavuvi ambao ngalawa zao hupinduka wakiwa wawili watatu, na habari zao hazivuki shehia yao. Akiumwa mgeni mmoja na papa, hata ikiwa ni jeraha la kushonwa, magazeti ya Ulaya yataandika siku hiyo hiyo na vyumba vya hoteli vitafutwa. Mvuvi akipotea, jamaa zake huazima mashine ya boti kwa jirani, wakaazima na mafuta, wakaenda kumtafuta.

Hatuoni sababu ya kuwa na bahari mbili, moja ya mgeni na moja ya mwenyeji. Mpanda ubao ambaye upepo umemkatikia nje ya mlango wa Paje, mvuvi aliyepinduka hapo hapo, na mwanamke wa mwani aliyezidiwa na maji yanayojaa, wote wanahitaji kitu kimoja: boti ya mashine iliyo tayari, yenye mtu aliyefunzwa, na mtu mwingine aliye nchi kavu mwenye darubini na wajibu wa kutazama. Ikiwa papa ndiye atakayewafanya wakubwa wasikie, basi na atumiwe kwa kazi hiyo, lakini boti iwe ya wote.

Tunapendekeza kwamba kila anayefundisha au kukodisha ubao wa tanga na tiara atakiwe, kabla ya kupewa leseni, kuonyesha boti yake ya uokozi. Wenye hoteli wa ufuo mmoja wanaweza kushirikiana wakaweka boti moja. Lisilokubalika ni kila mmoja kumtegemea mwenzake na mwishowe isiwepo hata moja. Kamati za wavuvi za shehia zilipwe kwa kazi ya kutoa habari za bahari: papa mkubwa alionekana wapi, mkondo umebadilika vipi, mlango gani haupitiki. Sheha aandike katika daftari, na daftari hilo lifike kila mwezi kwa wakuu wa uvuvi na wa usalama wa baharini. Ikitokea siku watu wakagombana kama walivyogombana Réunion, angalau tutakuwa na hesabu za kutazama.

Upepo nao uangaliwe kwa ramani. Katika pwani ya mashariki kusi na kaskazi zote humrudisha mtu upande wa nchi, na ndiyo maana mchezo huu umestawi huko. Upande wa magharibi, kusi hutoka nchi kavu kwenda baharini. Anayevunjikiwa na mlingoti huko husukumwa kuelekea bara. Kwa hiyo kanuni moja haitoshi kwa kisiwa kizima. Kwa upande wa magharibi wakati wa kusi, asiruhusiwe mtu kwenda mbali bila boti kuwa majini, si ufukoni. Pande zote, jua likishuka mchezo ukome, na anayetaka kutoka nje ya mwamba asitoke peke yake.

Liko na jambo la damu. Aliyeumwa na papa, kama aliyekatwa na rafadha ya boti, hufa zaidi kwa kuvuja damu kuliko kwa jeraha lenyewe. Paje iko kilomita hamsini hivi kutoka Mnazi Mmoja. Dakika za kwanza ni za kijana aliyeko ufukoni, naye akijua kukaza kitambaa juu ya jeraha la mguu au mkono, na akiwa na bandeji za kutosha, mgonjwa atafika hospitali akiwa hai. Mafunzo hayo ni ya siku chache. Wafunzwe wavuvi, wafunzwe waendesha boti wa kupeleka wageni matembezini, wafunzwe kina mama wa mwani ambao tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 wamekuwa majini kila maji yanapokupwa, na hakuna mtu anayeyaona mengi ya ufukoni kuliko wao.

Na mgeni aambiwe kweli. Ubao wa maandishi uwekwe penye kila njia ya kushukia baharini, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, ueleze ulipo mlango wa mwamba, saa za maji, yalipo mashamba ya mwani ambayo hayapaswi kukatizwa, na useme pasipo kificho kwamba papa wapo nje ya mwamba na kwamba ni nadra kumdhuru mtu. Wenye hoteli wanaoogopa maneno hayo wanakosea. Mtu aliyevuka bahari mbili ili kupanda upepo si mtoto. Anachokikimbia ni kudanganywa.

Tunafahamu kwamba fedha hazitoshi na kwamba KMKM ina kazi nyingi, magendo yakiwemo. Lakini wageni hulipa ada na kodi nyingi wanapoingia visiwani, na sehemu ndogo ya fedha hizo ikirudi ufukoni mafuta ya boti yatapatikana. Wizara zinazohusika, ya uvuvi na ya utalii, zikae meza moja kabla ya bajeti ijayo, na wavuvi waitwe katika kikao hicho mwanzoni, si mwishoni kuja kusomewa maazimio. Boti ya kwanza ikipatikana, tunaomba iegeshwe Paje, upande wa mashamba ya mwani, mahali ambapo anayefanya kazi majini anaweza kuiona akiinua kichwa.